Jongo: Tuishtaki Chupa Ipi?

MGONJWA: Kidole gumba cha mguu kikivimba usiku, asubuhi naamka na kosa ambalo sikulitenda. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Unguja, na pombe sijawahi kuionja. Lakini nikionekana tu nachechemea, swali ni lile lile, barazani hata zahanati: "Mzee, jana ulipiga ngapi?" Nikisema sinywi, watu hutazamana. Ninachokunywa ni chai, vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, na soda moja baridi baada ya alasiri. Basi nauliza: hiyo hailaumiwi kwa sababu haina kosa, au kwa sababu hainuki mdomoni?

MWENYE BAA: Mwalimu, umenisemea. Maradhi yoyote yakiingia mtaani hupiga hodi mlangoni kwangu. Presha ni baa, ini ni baa, na sasa hili jongo, gauti, nalo ni baa. Jokofu langu lina upande wa bia na upande wa soda, na meza za soda na mishikaki nazo zina wachechemeaji wao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

DAKTARI: Haki yako utaipata, Mama, ila tuanze na jinsi maradhi yenyewe yanavyotokea. Chembe hai za mwili wetu na za vyakula tunavyokula zina purini. Purini zikivunjwa, mwisho wake ni asidi ya yuriki. Karibu theluthi mbili hutolewa na figo, iliyobaki hupitia utumbo. Ikizidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita moja ya damu, haiyeyuki yote tena. Hapo fuwele zenye ncha hujikusanya kwenye maungio, hasa yale yenye ubaridi kama kidole gumba cha mguu. Wengi wenye kiwango cha juu hawaumwi kabisa. Lakini seli za kinga zikizivamia fuwele hizo, hata shuka likigusa kidole mtu hupiga kelele.

MWENYE BAA: Mpaka hapo sijasikia bia.

DAKTARI: Inakuja. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani, wote wa taaluma za afya, kwa miaka 12. Waliopata jongo walikuwa 730. Waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku walipata jongo mara mbili na nusu kuliko wasiokunywa. Wa pombe kali, kwa kiasi hicho hicho cha vipimo, waliwazidi wasiokunywa kwa asilimia 60. Mvinyo wa zabibu, glasi moja au mbili, haukuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo, Mama, huko si kusingiziwa. Katika vinywaji vya kileo, bia ndiyo iliyoongoza.

MTAALAMU WA LISHE: Daktari ameanzia 2004. Mimi narudi nyuma hadi 1967, pale Wafini wawili, Perheentupa na Raivio, walipoandika katika jarida la Lancet kwamba fruktosi ikiingia mwilini, asidi ya yuriki hupanda damuni. Sukari tunayotia kwenye chai ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi ikifika kwenye ini, hutumiwa kwa kipimo. Ini likitosheka, kazi hupunguzwa. Fruktosi haina kizuizi hicho. Kimeng'enya kinachoipokea hufanya kazi mfululizo na hula akiba ya nishati ya seli, yaani ATP. Akiba hiyo ikishuka ghafla, mabaki yake huvunjwa hatua kwa hatua mpaka yawe asidi ya yuriki. Nyama huleta purini kutoka nje. Fruktosi hulifanya ini livunje purini zake lenyewe. Ndiyo maana soda isiyo na chembe ya purini inaweza kumfikisha mtu pale pale.

MGONJWA: Mwanangu, hiyo ni kemia. Watu wenyewe wameonyesha nini?

MTAALAMU WA LISHE: Wale wale wanaume aliowataja Daktari. Mwaka 2008 Choi huyo huyo na Gary Curhan waliangalia soda zao. Waliokunywa mbili au zaidi kwa siku walipata jongo kwa asilimia 85 zaidi ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha uhusiano wowote. Mwaka 2010 yakaja matokeo ya wanawake 78,906 waliofuatiliwa kwa miaka 22: soda moja kwa siku, asilimia 74 zaidi, mbili na kuendelea, karibu mara 2.4 ya wale wasiozigusa sana. Tena hesabu zilifanywa kwa kutenganisha athari ya pombe, uzito na presha. Sasa Daktari, mbona bango la ukutani hospitalini lina picha ya chupa ya bia na paja la mbuzi, na soda haimo?

DAKTARI: Kwa sababu asilimia huogofya kuliko idadi. Katika wanaume hao wa soda, 46,393, waliougua kwa miaka 12 ni 755, yaani chini ya wawili kwa kila mia. Ukiongeza asilimia 85 juu ya kitu kidogo, bado unapata kitu kidogo. Pili, kufuatilia watu si sawa na kuwajaribu. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio ya kulisha watu fruktosi. Pale ambapo fruktosi ilichukua nafasi ya wanga mwingine bila kuongeza nishati ya mlo, asidi ya yuriki haikupanda. Ilipanda pale watu walipoongezewa juu ya mlo wao, tena kwa vipimo vikubwa mno, zaidi ya gramu 200 kwa siku. Hapo huwezi kujua ni fruktosi iliyotenda au ni kushindiliwa tu.

MTAALAMU WA LISHE: Basi niambie, Daktari, ni nani hapa anayepunguza ugali kwa kuwa amekunywa soda? Umemwona wapi mtu anayerudisha chapati sahanini kwa sababu chai ina vijiko vitatu? Sukari yetu haichukui nafasi ya kitu. Hupanda juu ya wali, juu ya ugali, juu ya ndizi. Jaribio ulilolitaja kututuliza ndilo linalotueleza tulivyo. Hizo gramu 200 ni nyingi, nakubali. Tumhesabie Mwalimu: vijiko tisa vya chai, kila kimoja gramu nne kikiwa sawasawa, ni gramu 36. Soda ya mililita 300 ina kama gramu 30 na kidogo. Anakaribia 70, bila kashata, bila maandazi, bila uji. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu ya hapo.

MWENYE BAA: Na vijiko vya kwetu havijawahi kuwa sawasawa. Vina vichuguu.

MGONJWA: Mnanihesabia kama karani wa ushuru. Lakini kuna jambo linanisumbua. Mnaposema fruktosi, si ndiyo sukari ya matunda? Ramadhani nafuturu kwa tende, juisi ya miwa na chungwa. Mtakuja kuniambia hata tende ni haramu?

MTAALAMU WA LISHE: Sitasema hivyo, Mwalimu. Tofauti ni kasi na kiasi. Tunda zima linatafunwa, lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kufika kwenye ini, na mengine yana vitamini C, ambayo husaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Mtu akila machungwa mawili ametosheka. Juisi ya machungwa sita huteremka kwa funda chache. Juisi ya miwa ni sukari ile ile ya dukani kabla haijakaushwa. Asali, ambayo watu huiona dawa isiyo na madhara, karibu asilimia 40 yake ni fruktosi. Tende chache za kufungulia sawa. Lakini ukianza na tende, ukafuata uji wa sukari, juisi na kaimati za shira, ini linapokea kwa saa moja kile lilichopumzishwa mchana kutwa.

DAKTARI: Kumbuka hata wale wa utafiti wako wa 2008 waliokula sana machungwa na tufaha walionyesha hatari kuongezeka. Usilitakase tunda kwa kuwa linapendeza kwenye bango.

MTAALAMU WA LISHE: Sitalitakasa. Lakini mgonjwa akiacha matunda na kubakiza soda atakuwa ametupa kiazi akala ganda. Anayeanzia kwenye chungwa ameanza upande usiofaa.

MWENYE BAA: Mimi naona mmeniacha nikapumua, sasa nauliza la kwangu. Daktari, umesema mvinyo hauna tofauti ya maana. Basi mteja wangu akihama bia akaenda mvinyo, amepona? Na wale wa mbege na busaa, wa tembo la mnazi, hao wanahesabiwa wapi?

DAKTARI: Asikimbilie huko. Pombe ina njia zaidi ya moja. Ya kwanza, kileo chenyewe kikichakatwa kwenye ini hutumia ATP na kuongeza mabaki yale yale aliyoyasema mwenzangu. Ya pili, huongeza asidi ya laktiki damuni, na figo zikiwa na asidi hiyo hushikilia asidi ya yuriki badala ya kuitoa. Ya tatu, humkausha mtu maji. Bia inaongeza ya nne: ina purini zinazotokana na kimea na hamira. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Busaa kwa unga uliochachushwa na kimea. Zote hunywewa zikiwa nzito, hamira ikiwamo humo humo. Msamaha wa mvinyo wa zabibu hauwahusu. Tena msamaha wenyewe una mipaka. Mwaka 2014 Tuhina Neogi na wenzake waliwachunguza watu ambao tayari wana jongo, wakalinganisha siku za shambulio na siku za uzima za mtu yule yule. Kileo cha aina yoyote, mvinyo ukiwamo, kiliongeza uwezekano wa shambulio ndani ya saa 24.

MTAALAMU WA LISHE: Hapo umenipa ninachokitafuta. Ndani ya saa 24. Ndiyo maana lawama inaiangukia pombe daima. Mtu anakunywa Jumamosi harusini, Jumapili hawezi kuvaa kiatu. Kila mtu anajua wa kumshika. Sukari haikamatwi penye tukio. Fuwele zilizomwangusha Jumapili hazikujengwa Jumamosi. Zimejengwa kwa miaka, kikombe kwa kikombe. Bia ndiyo iliyozishtua. Tunamfunga aliyepiga kelele na kumwacha aliyelimbikiza.

MWENYE BAA: Haswa! Mwanangu, kwangu utakunywa bure.

MTAALAMU WA LISHE: Maji tu, Mama.

DAKTARI: Msisherehekee mapema. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kusikiliza, lakini haukai. Wale 730 wa mwaka 2004 hawakuwa wagonjwa wa zamani walioshtuliwa. Walikuwa wagonjwa wapya. Bia ya kila siku ilihusiana na jongo kuanzia mwanzo. Na ile fruktosi ya 1967 haikusubiri miaka. Ilipandisha asidi ya yuriki papo hapo. Kwa hiyo pombe nayo hulimbikiza, na sukari nayo hushtua. Hatuwezi kuwagawia kazi ili kila upande utoke na nusu ya kosa.

MGONJWA: Na wanaokunywa vyote viwili?

MWENYE BAA: Hao ndio wengi siku hizi, Mwalimu. Vijana hawanywi pombe kali tupu. Wanachanganya na soda, au na vinywaji vya kuongeza nguvu. Glasi moja, chupa mbili ndani yake.

MTAALAMU WA LISHE: Na yule anayeacha bia kwa ajili ya jongo, anaagiza nini akikaa na wenzake?

MWENYE BAA: Soda. Tena mbili, kwa kuwa bia zilikuwa nne na mkono umezoea kushika kitu.

MTAALAMU WA LISHE: Umesikia, Daktari? Bango lako linamtoa mtu upande mmoja wa jokofu na kumpeleka upande wa pili.

DAKTARI: Nimesikia, na hilo nalikubali. Lakini sasa nami niwaambie kinachonikera katika mjadala huu mzima. Mnabishana kuhusu bomba linaloingiza maji kwenye tangi, wakati wagonjwa wengi tatizo lao ni bomba la kutolea. Watu wengi wenye jongo hawatengenezi asidi ya yuriki kupita kiasi; figo zao huitoa kwa shida, na hilo mara nyingi ni la kurithi. Mwaka 2018 watafiti wa New Zealand, akiwamo Tony Merriman, walichambua takwimu za watu zaidi ya 16,000 wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Ubora wa mlo mzima haukueleza hata asilimia 1 ya tofauti za asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu. Vinasaba vilieleza karibu asilimia 24. Tunawaaibisha watu kwa sahani na glasi kwa jambo walilozaliwa nalo.

MTAALAMU WA LISHE: Takwimu hiyo naijua, na inatumiwa vibaya. Inaeleza kwa nini mimi na wewe tunatofautiana. Haielezi kwa nini sote tumepanda. Chukua kijiji ambacho kila nyumba inaweka vijiko vinne kwenye chai. Ukipima tofauti kati yao, sukari haitaonekana kabisa, kwa kuwa wote wamekunywa sawa. Kitakachoonekana ni vinasaba tu. Je, sukari haipo? Ipo kwa kila mmoja. Na bomba la kutolea unalolisema haliko mbali na chakula. Sukari nyingi hunenepesha tumbo na kujaza mafuta kwenye ini, insulini inapanda, na insulini ikiwa juu, figo hushikilia asidi ya yuriki. Sukari hufungua bomba la kwanza na kuziba la pili.

DAKTARI: Kinachoziba la pili kuliko hiyo sukari mara nyingine ni sisi wenyewe, waganga. Mwalimu, una presha?

MGONJWA: Ninayo. Nameza kidonge kila asubuhi, kile cha kuongeza mkojo, na aspirini ndogo ya moyo.

DAKTARI: Dawa za mkojo kama haidroklorothiazaidi huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Aspirini ya kipimo kidogo nayo vile vile. Mgonjwa wa kifua kikuu, katika miezi miwili ya kwanza ya matibabu, humeza pirazinamidi, ambayo hupandisha asidi ya yuriki kwa nguvu. Maungio yake yakiuma, mtaani watasema amerudia pombe. Usiache dawa yako, Mwalimu. Presha huua kuliko jongo. Lakini zipo za kubadilisha. Losatani, kwa mfano, hushusha presha na kushusha asidi ya yuriki kidogo. Daktari wako anapaswa kulipima hilo.

MGONJWA: Miaka yote hii hakuna aliyenitajia. Walinikataza maharage.

MTAALAMU WA LISHE: Maharage!

DAKTARI: Kosa hilo ni la zamani. Maharage, dengu na mchicha vina purini, lakini katika utafiti wa 2004 purini za mboga hazikuongeza jongo. Nyama na viumbe vya baharini ndivyo vilivyoongeza, na katika nyama ni maini, figo na bandama vyenye purini nyingi zaidi. Maziwa yalikwenda kinyume: waliokunywa zaidi waliugua kwa nadra zaidi.

MWENYE BAA: Kwa hiyo supu yangu ya asubuhi imeingia kesini. Lakini Daktari, kama vinasaba ni asilimia 24 na dawa za presha nazo zimo, kwa nini tunasumbuana na glasi? Mpeni mtu kidonge, ale, anywe, aishi.

DAKTARI: Kidonge kipo. Alopurinoli iliruhusiwa Marekani mwaka 1966, ikitokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Huzuia kimeng'enya kinachomalizia kutengeneza asidi ya yuriki. Lengo ni kuishusha chini ya miligramu 6 na kuibakiza huko, fuwele za zamani ziyeyuke polepole. Taabu ni jinsi inavyotumiwa. Inaanza kwa kipimo kidogo, na miezi ya mwanzo shambulio linaweza kuja hata unapopona, kwa sababu fuwele zinapoyeyuka hutikisika. Mgonjwa anasema dawa imemdhuru, anaitupa. Kisha anakwenda duka la dawa, anachomwa sindano ya diklofenaki, maumivu yanatulia, anarudi tena mwezi ujao. Sindano hizo zikizoeleka huumiza figo, zile zile tunazozitegemea.

MWENYE BAA: Basi fundisha kidonge. Acha glasi.

MTAALAMU WA LISHE: Kidonge kitashusha asidi ya yuriki, Mama, lakini hakitaondoa mafuta kwenye ini la mnywaji wa soda, wala hakitazuia kisukari chake. Na hakiwezi kumfikia ambaye bado hajaugua. Daktari anaongea na waliokwisha kufika kliniki. Mimi naongea na mtoto aliye kwenye foleni ya kibanda cha shule. Bia haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, na chupa yake ina onyo. Soda inauzwa kwa mtoto wa miaka sita, na onyo lake ni picha ya familia inayocheka.

MWENYE BAA: Hilo nalipigia makofi bila hata kulipwa. Serikali inanitoza, inanipangia saa za kufungua, inanibandikia onyo. Jirani yangu anayeuza kreti za soda hana masharti hayo.

DAKTARI: Mnataka kutoza ushuru kwa sababu ya jongo? Ushahidi wa kisukari na meno ni mzito zaidi, tumieni huo. Afrika Kusini ilipoanza ushuru wa vinywaji vyenye sukari Aprili 2018, hoja ilikuwa unene na kisukari. Mkiisimamisha hoja yote juu ya kidole gumba, wanasheria wa viwanda wataiangusha.

MTAALAMU WA LISHE: Sitaki kusimamisha hoja yote hapo. Nataka jongo lihesabiwe pamoja na mengine. Kinywaji kinapopandisha sukari, mafuta ya ini na asidi ya yuriki kwa pamoja, kila tabibu akisema "kwangu ushahidi ni mdogo", hakuna atakayesema neno.

MGONJWA: Ninyi mnasema serikali, viwanda, wanasheria. Mimi nina tatizo dogo na gumu zaidi. Nikienda kwa ndugu, chai inaletwa imekwisha kutiwa sukari birikani. Nikiikataa, mama wa nyumba anauliza amenikosea nini. Mlevi akikataa bia anasifiwa. Mimi nikikataa chai ya sukari nimevunja udugu. Na kahawa chungu, ambayo Daktari mwingine aliniambia haina shida, huletwa na kashata.

DAKTARI: Kahawa kweli haina shida, wanaoinywa kwa wingi wameonekana kupata jongo mara chache kuliko wengine. Kashata ndiyo yenye neno.

MTAALAMU WA LISHE: Mwalimu, hapo ndipo sukari inapoishinda pombe. Pombe ina maadui: dini, wake, polisi wa barabarani, mwajiri. Sukari ina marafiki watupu. Hatuwezi kuitibu kama siri ya mgonjwa mmoja. Birika likija na sukari pembeni, kila mtu ajitilie, hakuna atakayehitaji kueleza maradhi yake mbele ya wageni.

DAKTARI: Hilo ni jema, na halitoshi. Mwalimu akiacha sukari yote kesho, asidi yake ya yuriki inaweza kushuka kidogo na bado ikabaki juu ya 6.8. Atajisifu, atavumilia chai tupu, halafu kidole kitavimba tena, na safari hii atajilaumu mwenyewe. Sitaki tubadilishe aibu ya pombe kuwa aibu ya sukari.

MTAALAMU WA LISHE: Nami sitaki hofu yako ya aibu iwe sababu ya kunyamaza. Nikuulize: mgonjwa mpya akikaa mbele yako, fomu yako ina nini?

DAKTARI: Umri, uzito, presha, maradhi ya ukoo. Kisanduku cha sigara. Kisanduku cha pombe, na chupa ngapi kwa wiki.

MTAALAMU WA LISHE: Cha sukari?

DAKTARI: Hakuna.

MTAALAMU WA LISHE: Unawezaje kusema mchango wake ni mdogo kwa wagonjwa wako wakati hujawahi kuwauliza?

DAKTARI: Nitakiongeza. Lakini cha pombe sikifuti, na kabla ya vyote viwili nitaweka cha dawa anazomeza, kwa sababu hizo nimeziandika mimi na wenzangu.

MWENYE BAA: Weka na cha kuchanganya, Daktari. Ukiwauliza bia watasema hapana, ukiwauliza soda watasema kidogo, na wote watakuwa wamesema kweli.

MGONJWA: Na uandike vijiko vyenye vichuguu. Sitaki kuhesabiwa kwa kijiko ambacho nyumbani kwangu hakipo.